Asilimia moja ya juu huchukua fungu gani? Inategemea nani kahesabu

Marekani ina makundi mawili ya wachumi ambayo yamebishana kwa miaka kadhaa bila kuelewana. La kwanza ni la Thomas Piketty, Emmanuel Saez na Gabriel Zucman. Wao wanasema kwamba mwaka 1980 asilimia 1 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi nchini humo walichukua karibu asilimia 11 ya pato lote la taifa kabla ya kodi, na kwamba kufikia 2014 fungu hilo lilikuwa limekaribia asilimia 20. La pili ni la Gerald Auten na David Splinter. Hao wameitazama nchi ileile kupitia kumbukumbu zilezile za kodi, wakafika kwingine kabisa: ukishatoa kodi na kujumlisha misaada ya serikali, fungu la asilimia 1 ya juu halijasogea sana tangu miaka ya 1960. Hakuna aliyebuni namba. Wote wanaijua kazi yao, na wote wamechapisha kwenye majarida ambayo hayapitishi kitu kirahisi.

Msomaji anayekutana na ubishi wa namna hii huwa na njia mbili za mkato. Ama amwamini yule anayesema alichokuwa akitaka kusikia, ama aamue kwamba takwimu zote ni uongo. Zote mbili ni uvivu. Namba hizi zinasomeka vizuri tu, ilimradi ujue zimetoka kwenye daftari la nani na mwenye daftari alikuwa akitafuta nini.

Kwanza, kwa nini daftari lenyewe liwe la kodi? Njia ya kawaida ya kupima kipato ni kupita nyumba kwa nyumba na dodoso. Njia hiyo inafaa sana kwa kumjua mtu wa chini na wa kati, lakini tajiri humponyoka mdadisi. Matajiri ni wachache, kwa hiyo sampuli ya kaya elfu kadhaa inaweza isimpate hata mmoja wao. Akipatikana, anaweza kukataa kujibu, au asijue mwenyewe kampuni zake zilimwingizia kiasi gani mwaka huo. Mtoza kodi naye ana sababu ya kumtafuta tajiri kuliko mtu mwingine yeyote, na ana sheria ya kumlazimisha aseme. Tena alianza kazi hiyo kabla watakwimu hawajapata mafunzo ya dodoso. Uingereza ilipendekeza kodi ya ziada kwa wenye kipato kikubwa katika bajeti ya 1909, na Marekani ikaanzisha kodi yake ya mapato ya kudumu mwaka 1913. Ndiyo maana mistari mingi ya grafu za tofauti ya kipato huanzia miaka hiyo. Kabla ya hapo tofauti zilikuwepo, tena kubwa, ila hazikuandikwa kwa namna hiyo.

Aliyegundua thamani ya mafaili hayo ni Simon Kuznets, mchumi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi na kuhamia Marekani. Mwaka 1953 alitoa hesabu iliyounganisha vitu viwili: ritani za kodi, yaani fomu ambazo mlipakodi hutangazia kipato chake, zilimpa kipato cha walio juu, na hesabu za pato la taifa, ambazo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake, zikampa jumla ya kugawanyia. Akaona kwamba fungu la matajiri wa Marekani lilishuka sana kati ya miaka ya 1920 na mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Miaka miwili baadaye alieleza dhana iliyomfanya ajulikane zaidi: nchi inapoanza kuingia kwenye viwanda tofauti huongezeka, halafu watu wengi wakishahama kutoka mashambani na kupata elimu, tofauti hupungua. Kuznets alikuwa mwangalifu. Aliandika waziwazi kwamba maelezo yake yalikuwa labda asilimia 5 ushahidi na asilimia 95 kubahatisha. Lakini hizo zilikuwa siku za Vita Baridi, na habari kwamba ubepari hujisahihisha wenyewe ilikuwa tamu mno kuachwa ikae na tahadhari zake. Ile asilimia 95 ikafundishwa vyuoni kana kwamba ni kanuni.

Kazi ya kurudi kwenye mafaili ilisubiri karibu nusu karne. Piketty aliifanya kwa Ufaransa mwaka 2001, kisha akiwa na Saez wakaifanya kwa Marekani mwaka 2003. Anthony Atkinson aliishughulikia Uingereza na kuwavuta watafiti wa nchi nyingine nyingi. Mwaka 2011 hifadhidata ya pamoja ikafunguliwa kwa umma, nayo ndiyo iliyokua hadi kuwa hifadhidata ya dunia ya tofauti za kipato na mali inayonukuliwa leo kila mahali.

Picha waliyoikuta

Kwa nchi zinazozungumza Kiingereza, mstari una umbo la herufi U. Nchini Marekani, asilimia 10 ya juu walichukua kati ya asilimia 40 na 45 ya kipato katika miaka ya 1920 na 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili fungu hilo lilianguka ndani ya miaka michache tu hadi karibu asilimia 32, likakaa hapo kwa takriban miaka 30, kisha likaanza kupanda. Ukihesabu na faida ya kuuza hisa na mali, kufikia 2007 lilikuwa limekaribia asilimia 50. Fungu la asilimia 1 ya juu lilifuata njia hiyohiyo: karibu robo ya kipato chote mwaka 1928, chini ya asilimia 10 katikati ya miaka ya 1970, na karibu robo tena mwaka 2007, usiku wa kuamkia msukosuko wa fedha.

Ukivuka kwenda Ufaransa au Japani, anguko ni lilelile lakini kupanda hakuonekani sana. Mstari unashuka kati ya 1914 na 1945, halafu unalala, umbo la L badala ya U. India inarudi kwenye U, tena iliyochongoka kuliko ya Marekani: kwa makadirio ya Lucas Chancel na Piketty, asilimia 1 ya juu walikuwa na karibu asilimia 21 ya kipato mwishoni mwa miaka ya 1930, asilimia 6 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na asilimia 22 mwaka 2014. Urusi haikuhitaji hata muongo mmoja. Asilimia 10 ya juu walichukua chini ya asilimia 25 ya kipato mwaka 1990, na kufikia 1996 walikuwa wamepita 45. China ilianza mageuzi yake ikiwa karibu hapohapo, asilimia 27 mwaka 1978, ikafika 41 mwaka 2015.

Linganisha Urusi na China hapo. Zote ziliacha uchumi wa kupangwa na serikali, zote zikafungua soko, lakini mwendo na kimo cha kupanda vilitofautiana sana. Ukiambiwa kwamba soko au utandawazi ndio ulioleta tofauti, una haki ya kuuliza kwa nini soko hilohilo lilifanya kazi moja Moscow na nyingine Beijing. Ufaransa na Marekani nazo zilipata kompyuta zilezile, zikafanya biashara na China ileile.

Kilichoshusha

Kuznets alidhani nguvu ya kushusha ilikuwa ya polepole, iliyomo ndani ya maendeleo yenyewe. Mafaili ya kodi yanapinga hilo. Anguko halikutawanyika kwa utulivu katika karne nzima. Lilitokea kwa vipande, katikati ya misukosuko. Ufaransa inaonyesha vizuri zaidi: pengo kati ya mishahara mikubwa na midogo halikubadilika sana kwa karne nzima. Kilichoanguka ni kipato cha mtaji. Aliyeishi kwa riba ya dhamana za serikali alikuta mfumuko wa bei umeila. Aliyeishi kwa kupangisha nyumba alikuta serikali imefunga kiwango cha pango. Wenye viwanda walipigwa mabomu, wakafilisika wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, na baada ya 1945 baadhi yao wakataifishiwa kampuni. Japani ilipitia kitu kama hicho kwa kasi zaidi, kisha mageuzi ya ardhi na kuvunjwa kwa makampuni makubwa ya kifamilia, zaibatsu, yakamalizia.

Hata hivyo, mtu asikurupuke kusema vita ndivyo huleta usawa, kauli ambayo siku hizi imekuwa ya kawaida mno. Sweden haikupigana katika vita vyote viwili, na fungu la matajiri wake lilianguka vilevile. Tena sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea kabla ya 1950, yaani kabla kodi na huduma za ustawi hazijafikia kimo kilichoipa nchi hiyo sifa yake. Vita vilikuwa mlango mmoja. Mingine ilikuwa kufilisika kwa utajiri wa zamani, kupanuka kwa elimu, na wafanyakazi kupata kura na vyama vyenye nguvu.

Swali gumu zaidi ni kwa nini utajiri ule haukurudi mara tu baada ya amani. Mabomu hayakuendelea kuanguka miaka ya 1960. Hapa jibu linaelekea kwenye kodi. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato Marekani kilifika asilimia 94 mwaka 1944 na kikabaki karibu asilimia 91 hadi 1963, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilitoza hadi asilimia 83 kwenye mshahara na hadi asilimia 98 kwenye kipato cha uwekezaji. Waliolipa viwango hivyo kikamilifu walikuwa wachache, na mianya haikukosekana. Lakini kwa kodi ya namna hiyo ni vigumu mtu kukusanya, kwa muda wa kizazi kimoja, utajiri kama ule ulioteketea.

Kilichopandisha

Halafu viwango vikakatwa. Marekani ilitoka asilimia 70 mwanzoni mwa 1981 hadi 28 mwaka 1988. Uingereza ilishuka kutoka 83 hadi 60 mwaka 1979, kisha 40 mwaka 1988. Piketty, Saez na Stefanie Stantcheva walipolinganisha nchi tajiri, waliona kwamba zile zilizokata kodi ya juu kwa kishindo ndizo ambazo fungu la asilimia 1 lilipanda zaidi, na kwamba uchumi wao haukukua kwa kasi inayoonekana kuwashinda wengine. Maelezo yao ni ya kibinadamu: mkurugenzi anayejua kwamba dola tisa katika kila kumi za nyongeza zitakwenda serikalini hana sababu ya kuwasumbua wajumbe wa bodi. Akijua kwamba saba zitabaki kwake, atawasumbua. Maelezo hayo yananishawishi kuliko yale ya teknolojia peke yake, kwa sababu teknolojia ilifika kila mahali na matokeo hayakufika kila mahali. Ila siyo hadithi nzima. Kudhoofika kwa vyama vya wafanyakazi, kuvimba kwa sekta ya fedha na soko la dunia linalomlipa mshindi mmoja kila kitu, vyote vimo.

Watu wenyewe wa juu wamebadilika pia. Tajiri wa miaka ya 1920 alikuwa mpokea gawio na riba. Yule wa miaka ya 1990, kwa hesabu ya Piketty na Saez, alikuwa na mshahara mkubwa. Utafiti wa 2019 wa Matthew Smith na wenzake uliongeza sura nyingine: ndani ya asilimia 1 ya juu ya Marekani wamejaa wamiliki wa biashara za kati, madaktari na mawakili wenye ofisi zao, wauzaji wa magari, washauri. Mmiliki wa biashara kama hiyo akifariki mapema au akistaafu, faida yake hushuka kwa takriban robo tatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho daftari linaita faida ni jasho la mwenyewe lililovaa joho la mtaji.

Daftari linapohama

Hapo ndipo matatizo ya kupima yanapoanza kuuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili kuna tatizo la pili ambalo hawakulitaja: daftari likibadilishwa, mali huonekana imehama hata kama imekaa palepale.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Norway. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2006 watu binafsi watatozwa kodi kwenye gawio. Wenye kampuni walikuwa na muda wa kujipanga, wakajilipa gawio kubwa mno hadi mwaka 2005, kisha bomba likafungwa na faida zikaanza kulimbikizwa ndani ya kampuni. Kwenye grafu ya ritani za kodi, fungu la asilimia 1 linaruka hadi kilele mwaka 2005 na kuporomoka mwaka uliofuata. Mtu asiyejua sheria ile angeandika kwamba Norway iliwabana matajiri wake kwa usiku mmoja. Faida zenyewe zilikuwa zinaendelea kuzalishwa, ila zililala kwenye vitabu vya kampuni ambavyo hesabu ile haikuvifungua.

Marekani ina toleo lake. Mageuzi ya kodi ya 1986 yalifanya iwe nafuu kwa biashara nyingi kupitisha faida moja kwa moja kwenye ritani ya mmiliki badala ya kuitangaza kama kampuni. Fungu la juu likaruka kati ya 1986 na 1988, na sehemu ya mruko huo ni karatasi zilizohamishwa kutoka faili moja hadi jingine. Mwaka 2012 watu walivuta mapato mbele ili kuiwahi kodi iliyopanda 2013, na grafu ikachomoza na kuzama tena. Uingereza nayo iliacha kuwatoza mume na mke pamoja mwaka 1990, kwa hiyo mstari wake una kovu hapo kwa sababu kilichokuwa kikihesabiwa kilikuwa kimebadilika.

Mwanzo wa mstari nao una mashaka yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ni sehemu ndogo tu ya Wamarekani waliotakiwa kujaza ritani, na kukata kodi moja kwa moja kwenye mshahara kulianza 1943. Wapo watafiti wanaosema kilele cha miaka ya 1920 kimekadiriwa kupita kiasi, hivyo U halisi ni ya kina kifupi kuliko inavyochorwa.

Sasa tunaweza kurudi kwa wale wanaobishana. Kipato kinachoonekana kwenye ritani za Marekani ni takriban asilimia 60 tu ya pato la taifa. Kilichobaki, kama michango ya bima ya afya inayolipwa na mwajiri, faida zisizogawiwa, na kipato kilichofichwa, ni lazima kigawiwe kwa watu kwa kukadiria. Nani alificha? Kundi la Piketty linakisambaza kipato kilichofichwa kwa namna inayowapa walio juu sehemu kubwa. Auten na Splinter wanatumia matokeo ya ukaguzi wa kodi kwa njia inayopeleka kiasi kikubwa zaidi kwa watu wa chini na wa kati. Halafu kuna ndoa: kadiri watu wa kipato cha chini wanavyooana kwa uchache, idadi ya ritani inaongezeka bila watu kuongezeka, na asilimia 1 ya ritani inaacha kuwa asilimia 1 ya watu. Na kuna matibabu yanayolipiwa na serikali, ambayo mtu anaweza kuyaandika kama kipato cha maskini au kuyaacha nje. Kila uamuzi mdogo husogeza mstari kidogo, na maamuzi yote yakielekea upande mmoja, mnapishana kwa umbali ule.

Jambo moja halipotei hata kwa Auten na Splinter: kabla ya kodi, fungu la juu limepanda. Kwao limepanda kidogo, kwa wenzao limepanda sana. Kwa hiyo anayesema tofauti imelipuka na anayesema hakuna kilichotokea wote wawili wanakwenda mbali kuliko ushahidi wao. Kama nikilazimishwa kuchagua, ningekaa kati na kusogea upande wa Piketty, kwa sababu ambayo nitaieleza mwishoni.

Fungu siyo kipimo cha kila kitu

Watu wengi huchanganya fungu la juu na kipimo cha Gini, kile kinachoanzia 0 kwa usawa kamili hadi 1 kwa mtu mmoja kuchukua vyote. Gini hutazama mgawanyo mzima, na ikitoka kwenye dodoso inaweza isimwone tajiri kabisa. Atkinson alitoa njia rahisi ya kuona ukubwa wa upofu huo. Tuseme Gini ya watu wote isipokuwa asilimia 1 ya juu ni 0.40 na haibadiliki. Fungu la asilimia 1 likiwa asilimia 8, Gini ya nchi nzima ni karibu 0.45. Likipanda hadi 18, Gini inafika karibu 0.51, ilhali kwa asilimia 99 hakuna kilichobadilika kati yao wenyewe.

Brazil iliishi hali inayofanana na hiyo. Katika miaka ya 2000 madodoso yalionyesha Gini ikishuka mwaka hadi mwaka, na dunia nzima ikaisifu. Watafiti walipofungua mafaili ya kodi walikuta fungu la asilimia 1, karibu robo ya kipato chote, likiwa palepale kati ya 2006 na 2012. Maskini walikuwa wamepata nafuu ya kweli. Mishahara ya chini ilipanda, misaada kwa familia ikafika. Wa juu hawakupungukiwa.

Fungu pia haliambii kama watu wa chini wanaishi vizuri au vibaya, wala kama walio juu mwaka huu ndio waliokuwa juu mwaka jana. China ya 1978 ilikuwa na mgawanyo wa karibu zaidi kuliko ya 2015, na ilikuwa maskini sana.

Kwa dunia nzima mambo yanakwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Ripoti ya dunia ya tofauti ya 2022 inakadiria kwamba asilimia 10 ya juu ya binadamu huchukua asilimia 52 ya kipato, na nusu ya chini karibu asilimia 8.5. Katika miongo miwili kabla ya ripoti hiyo pengo kati ya nchi na nchi lilipungua: wastani wa kipato cha asilimia 10 ya nchi zilizo tajiri zaidi ulikuwa takriban mara 50 ya ule wa nusu ya nchi zilizo maskini zaidi, ukashuka hadi chini kidogo ya mara 40. Ndani ya nchi zenyewe, pengo kati ya asilimia 10 ya juu na nusu ya chini limekaribia kuongezeka maradufu, kutoka mara 8.5 hadi mara 15.

Na sasa ile sababu. Ukaguzi wa kawaida wa kodi humkamata fundi anayepokea pesa taslimu bila risiti. Haumkamati kirahisi mwenye akaunti ya siri nje ya nchi. Annette Alstadsæter, Niels Johannesen na Zucman waliunganisha nyaraka zilizovuja kutoka benki moja ya Uswisi na zile za Panama na kumbukumbu za kodi za nchi tatu. Kwa wastani watu walikwepa karibu asilimia 3 ya kodi waliyodaiwa. Wale wa asilimia 0.01 ya juu kabisa walikwepa karibu robo. Nchi hizo zilikuwa Norway, Sweden na Denmark, ambazo madaftari yake ya kodi ni miongoni mwa yaliyotunzwa vizuri zaidi duniani.